HESABU UKUBWANI: KARANI WA MELI, MIZANI YA PAMBA NA SISI



Katika toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Kimataifa ya Kisomo, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1966 na ikaadhimishwa mara ya kwanza tarehe 8 Septemba 1967, Kamati imeniomba mimi mwalimu niandike kidogo juu ya historia ya elimu ya watu wazima. Nimekubali kwa furaha, ila nimeomba ruhusa ya kuipunguza mada. Juu ya kusoma na kuandika wenzangu wameeleza mengi katika kurasa zilizotangulia, na hotuba za siku hiyo nazo hueleza mengi. Mimi nitazungumzia hesabu. Watu husema kwamba kisomo ni K tatu, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, lakini ile K ya tatu hutajwa kwa mdomo tu kisha husahauliwa, kama mgeni aliyekaribishwa bila kupewa kiti.

Sababu ya kuchagua jambo hili ni hii. Darasa la jioni la watu wazima lilipofunguliwa, mabenchi hayakutosha. Waliokuja kwa ajili ya kusoma, wengi wao wapo hadi leo. Waliokuja kwa ajili ya hesabu wamepungua juma hadi juma, na nikiwafuata nyumbani kuwauliza, jibu ni moja: hesabu zilinipita utotoni, mwalimu, sasa kichwa kimekauka. Tena, Kamati ilipotafuta wasimamizi wa mgao na watunza daftari wa vikundi, akina mama waliopendekezwa walikataa mmoja baada ya mwingine kwa neno hilo hilo. Matokeo yake ni kwamba watu walewale wachache ndio wanaoshika kalamu kila mwaka. Sisemi kwamba wanaiba. Nasema kwamba kama wangeiba, ni wachache miongoni mwetu ambao wangetambua.

Kwa hiyo nawaletea habari za mtu mmoja wa zamani, ambaye maisha yake yanajulikana karibu siku kwa siku kwa sababu aliyaandika mwenyewe.

Jina lake ni Samuel Pepys. Alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1633, mtoto wa mshona nguo. Alisoma shule nzuri, akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akapata shahada mwaka 1654. Mwaka 1660, kwa msaada wa jamaa yake mwenye cheo, aliingizwa katika Bodi ya Jeshi la Majini akiwa karani wake. Ukarani huo haukuwa mdogo. Bodi ilinunua mbao, kamba, lami, nanga, vitambaa vya matanga na vyakula vya mabaharia, ikalipa mishahara ya maelfu ya watu. Huenda hapakuwa na ofisi nyingine nchini humo iliyokuwa ikinunua vitu vingi kiasi hicho.

Na mtu huyu, mwenye shahada na cheo, akiwa na miaka 29, hakujua jedwali la kuzidisha.

Msomaji asishangae sana. Shule za watu wa tabaka lake zilifundisha Kilatini na Kigiriki. Hesabu ilionekana kuwa kazi ya wachuuzi, mafundi na mabaharia. Hazina ya Uingereza yenyewe iliendelea kutunza kumbukumbu za malipo kwa vijiti vilivyotiwa chale hadi mwaka 1826. Na mwaka 1834, vijiti hivyo vilipochomwa ili kuviondoa, moto ulishika jengo la Bunge likateketea. (Wale wanaowacheka wazee wetu waliohesabu ng'ombe kwa kukata chale kwenye fimbo, walikumbuke Bunge hilo.) Juu ya hayo, fedha ya Waingereza ilikuwa ya kutesa: peni 12 kwa shilingi moja, shilingi 20 kwa pauni moja. Kuzidisha bei ya kamba kwa urefu wake haikuwa kazi ya mchezo.

Pepys alikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni ile wanayoifuata wakubwa wengi: kukaa kimya, kutia sahihi kila karatasi, na kuwaachia wenye kujua. Wenzake kadhaa katika Bodi walifanya hivyo hivyo. Njia ya pili ilikuwa ya aibu kidogo, nayo ndiyo aliyoichagua. Tarehe 4 Julai 1662 alimwita bwana Cooper, msaidizi wa nahodha katika meli iitwayo Royal Charles, akaanza kujifunza kwake hesabu kwa malipo. Somo la kwanza lilikuwa lile jedwali. Angalieni ni nani aliyemfundisha nani: mwenye shahada ya Cambridge ameketi mbele ya baharia, kwa sababu baharia ndiye aliyekuwa na elimu iliyohitajika.

Siku zilizofuata aliamka saa kumi za alfajiri, kabla ya kazi, akijifunza jedwali lake kwa bidii. Ameandika kwamba ndilo peke yake lililompa taabu katika hesabu zote. Tarehe 11 Julai akaandika kwamba amekaribia kulimudu. Kutoka tarehe 4 hadi 11 ni siku saba.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana kitu kinachowafukuza watu darasani ni jedwali hilohilo. Jedwali la 10 kwa 10 lina vyumba 100, nalo likibandikwa ukutani hutisha. Lakini tulipunguze. Mstari wa 1 na mstari wa 10 hakuna asiyeujua. Ondoa hiyo. Tena 3 mara 8 na 8 mara 3 ni kitu kimoja, kwa hiyo usijifunze mara mbili. Yanabaki majibu 36. Mstari wa 2 ni kuongeza kitu maradufu, na mstari wa 5 kila mtu aliyewahi kushika noti anao kichwani. Ondoa hiyo pia. Yanabaki majibu 21 tu. Mtu anayejifunza matatu kila siku atayamaliza kwa siku saba, muda uleule wa Pepys. Sidai kwamba ni rahisi. 7 mara 8 imewatoa jasho watu wengi wenye akili timamu. Nadai kwamba ni majibu 21, wala si 100.

Mwezi uliofuata, elimu hiyo ilianza kulipa. Tarehe 18 Agosti 1662 Pepys alifuatana na fundi wa meli aitwaye Anthony Deane hadi msitu wa Waltham, mahali ilipokatwa miti ya mfalme. Huko Deane alimfunulia siri ya jinsi mfalme alivyopunjwa katika kupimiwa magogo ambayo hayakuchongwa kuwa mraba kamili.

Ili tuione hila ya namna hiyo, tuchukue kosa lililokuwa la kawaida kwa wapimaji wa zama zile. Gogo limechongwa pande nne, upana wake inchi 20 na kimo chake inchi 10. Eneo la uso wake uliokatwa ni 20 mara 10, yaani 200. Lakini mpimaji alijumlisha 20 na 10 akapata 30, akagawa kwa mbili akapata 15, akasema gogo hili ni sawa na mraba wa 15 kwa 15. Maneno hayo yanaingia akilini, sivyo? Sasa zidisha: 15 mara 15 ni 225. Mnunuzi amelipishwa 25 zaidi juu ya kila 200. Akinunua magogo manane ya namna hiyo, analipia tisa. Hakuna aliyegusa mizani, hakuna aliyeficha kitu chini ya meza. Wizi wote umo ndani ya hesabu inayofanana na hesabu.

Nimelipa gogo hili nafasi kubwa kwa makusudi. Chukueni kamba ya mita 60, mzungushie nayo kiwanja. Kikiwa mita 20 kwa 10, eneo ni mita za mraba 200. Kikiwa 15 kwa 15, ni 225. Kikiwa 25 kwa 5, ni 125 tu. Kamba ni ileile. Mtu anayeambiwa kwamba kiwanja chake ni sawa na cha jirani kwa sababu mzunguko wake ni mmoja, anaambiwa lugha ya yule mpimaji wa Waltham. Katika darasa letu, somo hili lilipofanywa kwa kamba uwanjani, wazee waliokuwa wakisinzia waliamka wote.

Tumrudie Pepys. Alijipatia rula ya kukokotolea, yenye ulimi unaoteleza, ya kupimia mbao. Na mwaka 1664 alimpa kazi ya kuchonga majedwali juu ya rula yake bwana Edward Cocker, mwalimu wa hati nzuri, ambaye kitabu cha hesabu chenye jina lake kilitoka mwaka 1678 na kuchapwa tena na tena kwa vizazi kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 1663 Pepys alianza kumfundisha hesabu mke wake Elizabeth, mwanamke wa miaka 23, binti wa Mfaransa Mprotestanti aliyehamia Uingereza. Kufikia Desemba Elizabeth alikuwa anajumlisha, anatoa na anazidisha vizuri sana. Hapo mumewe akaamua asimsumbue kwanza na kugawanya, bali waendelee na tufe la dunia.

Mimi naona alikosea. Mtu aliyeweza kuzidisha ndani ya majuma machache angeweza kugawanya. Nalitaja kwa kuwa hapo hasa, mlangoni mwa kugawanya, ndipo wanafunzi wetu wa kike wanapoachwa, mara nyingi kwa huruma. Watu husema, haya yamewatosha akina mama. Nani alipima akaona yamewatosha? Mgao wenyewe ni kugawanya, na jina lake linasema hivyo.

Mambo ya baadaye ya Pepys nayapitia upesi. Mwaka 1673 alikuwa miongoni mwa waliosukuma kuanzishwa shule ya hesabu ya kifalme katika Christ's Hospital, London, ambako wavulana 40 walifundishwa hesabu na elimu ya kuongoza meli. Mwaka 1677 alifanikisha kanuni kwamba hakuna atakayepewa uluteni wa jeshi la majini bila kufanya mtihani. Mwaka 1684 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza. Na kwa cheo hicho, tarehe 5 Julai 1686, alitoa idhini ya kuchapwa kitabu cha Isaac Newton kiitwacho Principia, ambacho kilitoka mwaka 1687 na kubadilisha elimu ya mwendo wa vitu na wa nyota. Jina la Pepys limo katika ukurasa wa kwanza wa kitabu hicho. Tangu asubuhi ile ya jedwali na bwana Cooper ilikuwa imepita miaka 24 na siku moja.

Sisemi kwamba alikielewa kitabu chenyewe. Wenye kukielewa walikuwa wachache katika Ulaya nzima. Lakini hakuacha kuuliza. Mwaka 1693, akiwa na miaka 60, alimwandikia Newton kumwuliza juu ya mchezo wa dadu: ni lipi lenye bahati kubwa zaidi, kurusha dadu 6 na kupata angalau sita moja, kurusha 12 na kupata angalau sita mbili, au kurusha 18 na kupata angalau sita tatu? Pepys alidhani ni la tatu. Newton akamjibu kwamba ni la kwanza. Kwa hesabu za leo, katika kila majaribio 100 la kwanza hufaulu kama mara 67, la pili mara 62 na la tatu mara 60. Pepys hakuridhika mara moja, akaandika tena kutaka aelezwe zaidi. Mzee wa miaka 60 anambana Newton! Mwanafunzi wa namna hiyo ningependa kuwa naye darasani, ingawa angenichosha.

Uingereza ya karne ya 17 ni mbali nasi, na yule bwana alikuwa na mshumaa, mshahara na mwalimu wa kumlipa. Tusogee karibu.

Kusini mwa Ziwa Victoria, nchini Tanzania, wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamikia kwa muda mrefu mizani za wanunuzi. Malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozaa vyama vya ushirika vya mwanzoni mwa miaka ya 1950 chini ya uongozi wa Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho moja kubwa. Ushirika ulihitaji watu wa kusoma mizani na kutunza daftari, na watu wazima wengi hawakuwahi kukanyaga shule. Mwaka 1968 serikali ya Tanzania pamoja na UNESCO walianzisha mradi wa kisomo chenye manufaa, makao yake Mwanza, kwa mikoa iliyo kandokando ya ziwa. Vitabu vyake havikuanza na a, e, i, o, u zisizo na mwenyewe. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, mvuvi cha uvuvi, mwenye migomba cha migomba, na hesabu zikatoka humo humo: kilo, bei, mbolea, nafasi kati ya mche na mche.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa takwimu za serikali, mwaka 1967 watu wazima 67 hivi katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975, waliobaki walikuwa 39. Wapo waliosema kwamba takwimu zilipendezeshwa, na kwamba wengi walisahau baada ya muda kwa kukosa vitabu vya kuendelea kusoma. Huenda. Hata hivyo mamilioni ya watu wenye mvi na wenye watoto mgongoni waliketi kufanya mtihani, na hesabu ilikuwamo.

Sasa juu ya hicho kichwa kilichokauka. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Kimarekani, John Gay na Michael Cole, walitoa kitabu juu ya Wakpelle wa Liberia na hesabu zao. Waliweka mchele ndani ya mabakuli, wakauliza watu wakisie ni vikombe vingapi. Wakpelle watu wazima, ambao hawakuwahi kusoma, walikaribia sana jibu la kweli. Wamarekani waliosoma walikosea vibaya. Nani katika kambi hii anashangaa? Mama anayepokea unga kwa kopo kila mwezi hujua kwa jicho kwamba kopo halikujaa. Anachokosa ni namna ya kuliandika jambo hilo kwenye karatasi ili lisibishiwe. Huo ni upungufu wa karatasi, si wa akili.

Kuna kizuizi kingine ambacho ndugu zetu wa mashirika huenda hawajakitambua, kwa hiyo nakieleza kwa faida yao. Wengi wetu tulioonja shule kidogo tulisoma kwa utaratibu wa Kifaransa, na nchi hii iliyotupokea inafuata wa Kiingereza. Kwetu mkato hutenga desimali. Hapa mkato hutenga elfu. Mtu wetu akiona 1,500 anaweza kusoma moja na nusu, kumbe ni elfu moja na mia tano. Katika kugawanya, sisi tulizoezwa kuandika kigawanyo upande wa kulia. Hapa huandikwa kushoto. Mama mmoja mwenye darasa la sita la kwao alitoka katika darasa la jioni siku ya kwanza, akiamini kwamba amesahau kila kitu. Hakusahau chochote, ubao ndio uliogeuzwa. Tangu hapo huwa tunaandika ubaoni kwa namna zote mbili, bega kwa bega, na amerudi.

Kwa sasa darasa limefika kwenye asilimia, na sikuchagua mada hiyo kutoka kitabuni. Tuseme mgao kamili ni kilo 12 kwa mtu, kisha unashushwa hadi asilimia 60. Mtu atapata kilo 7.2. Baada ya miezi kadhaa linatoka tangazo kwamba mgao umeongezwa kwa asilimia 20. Nusu ya watu watahesabu kwamba sasa ni asilimia 80 ya mgao kamili, yaani kilo 9.6. Nusu nyingine watachukua asilimia 20 ya zile kilo 7.2 na kupata jumla ya kilo 8.64. Tangazo lenyewe halisemi ni asilimia 20 ya nini, na ugomvi wa foleni huanzia hapo. Tofauti ni gramu 960 kwa mtu mmoja. Kwa nyumba ya watu saba ni kilo 6 na gramu 720. Swali hilo liko ubaoni tangu juma lililopita. Hadi jana jioni walioleta majibu yote mawili yakiwa sahihi, pamoja na swali ambalo Kamati ingepaswa kuliuliza ofisini, walikuwa watu wanne, na watatu kati yao ni akina mama wanaouza nyanya na dagaa sokoni.